Umemwuliza Mwenyewe?

Juma hili nataka tuzungumze habari za watu wenye ulemavu wanaotunzwa katika vituo, na habari za wale wanaowatunza. Najua wengi wenu hamna mtu kituoni. Hata hivyo someni mpaka mwisho, maana jambo hili laanzia kituoni na kuishia jikoni kwetu.

Mimi ni karani wa parokia. Kabla ya hapo nilisomea ualimu, nami nilidhani kwamba chuo kimenifunza kumwuliza mtu swali na kungoja jibu. Sikilizeni kisa hiki, mniambie kama nilikuwa nimefunzika.

Kituo kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, kilikuwa na kijana wa miaka 19 mwenye ulemavu wa akili. Maneno yake hayakuzidi kumi. Asubuhi alikuwa mpole kabisa. Alifagia uwanja, alikula, alicheka. Lakini ikikaribia saa kumi na moja jioni alikimbilia lango, akalitikisa, akapiga makelele, na mtu akimzuia alimsukuma. Siku moja alimwangusha mlinzi chini. Wakamfungia chumbani saa hizo, makelele yakazidi. Katika daftari la kituo watumishi waliandika: “Mkorofi. Hafundishiki.” Mwezi uliofuata waliandika maneno yale yale, na mwezi mwingine tena.

Baada ya miezi tisa ikaamuliwa arudishwe kwao. Kwao ni kwa bibi yake, mzee asiye na nguvu za kumshika. Bibi huyo ni wa parokia yetu, wala hajui kusoma, basi nikaombwa mimi niandike barua na kumpelekea. Nikaiandika vizuri sana, kurasa mbili na muhuri. Sikumwuliza kijana neno, wala bibi sikumwuliza neno. Nililichukua neno “mkorofi” katika daftari, nikaliweka katika barua yangu kana kwamba nimelihakikisha mwenyewe.

Nilipofika kwa bibi nikamwamkia, nikaketi, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Karani, mjukuu wangu, hayo makelele huyapiga saa ngapi?”

“Saa kumi na moja, bibi.”

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Saa kumi na moja mbuzi wanarudi.”

Ndipo nilipojua. Tangu utoto wake kijana yule alisimama njiani kila jioni kuwapokea mbuzi wa bibi yake. Kuhesabu kwa maneno hakujui, lakini alimgusa kila mmoja mgongoni akipita, na asipotimia mmoja alijua, akaenda kumtafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na heshima yake pale kijijini. Sasa nyuma ya ua wa kituo ipo njia ambayo mbuzi wa jirani hupita jioni. Aliwasikia wakilia, na lango limefungwa. Kwa miezi tisa kijana huyo aliwaambia watu wazima jambo moja, saa ile ile, kwa sauti kubwa, wala hakusikiwa.

Na kosa langu halikuanza na barua. Siku alipopokewa kituoni, fomu yake niliijaza mimi. Iliuliza jina, umri, ugonjwa, dawa, na nani atamlipia. Mahali pa kuandika kijana huyu apenda nini, au nyumbani hufanya kazi gani, hapakuwapo. Nami sikuona kwamba pamekosekana.

Barua ile niliirudisha mfukoni. Mwisho wa kisa nitawaambia. Kwanza tuone jambo lenyewe, maana si la kituo kimoja tu.

Wanaofanya kazi hizi wanayo namna ya utunzaji inayoitwa huduma inayomweka mtu mbele. Maana yake ni hii: kituo kisimchukue mtu na kumkata alingane na ratiba yake, bali kimjue mtu kwanza, kisha ratiba ifuate. Kusema hivi ni rahisi, lakini kutenda kumewashinda hata matajiri.

Huko Marekani, katika mji wa New York, lilikuwako jumba kubwa la watu wenye ulemavu wa akili lililoitwa Willowbrook. Lilikusudiwa watu 4,000, na kufika mwaka 1965 lilikuwa na zaidi ya 6,000. Mwaka ule seneta Robert Kennedy alilitembelea, akatoka na kulaumu hadharani uchafu na msongamano aliouona. Mwaka 1972 picha zake zilionyeshwa katika televisheni, nchi nzima ikaona watoto walio uchi wamekaa sakafuni. Jamaa wakaenda mahakamani. Jumba likafungwa mwaka 1987. Angalieni jambo moja: waliojenga Willowbrook hawakusema wanajenga mahali pa mateso. Walisema wanajenga mahali pa kutunza.

Wakati huo huo watu wengine walianza kufikiri vingine. Mwaka 1959 nchi ya Denmark ilitunga sheria kwamba watu wenye ulemavu wa akili waishi maisha yaliyo karibu iwezekanavyo na maisha ya watu wote. Mwaka 1969 Mswidi mmoja, Bengt Nirje, alilifafanua jambo hilo kwa mifano ambayo hata mama wa kijijini aweza kuipima. Alisema mtu mwenye ulemavu apate mwendo wa siku, mwendo wa juma na mwendo wa mwaka kama watu wengine. Aamke, avae, atoke kwenda kazini mahali tofauti na pale anapolala. Awe na siku za kazi na siku za sikukuu. Asilazwe mapema kuliko wadogo zake kwa sababu tu watumishi ni wachache. Hebu piteni nyumbani mwenu na kipimo hicho, mwone.

Huko Kanada alikuwako mwanamke aitwaye Judith Snow, aliyezaliwa mwaka 1949. Mikono na miguu yake haikuwa na nguvu, lakini akili yake ilikuwa kali, akasoma chuo kikuu. Alipokosa wa kumsaidia kwa mambo ya mwili, ilimbidi aishi katika makao ya wagonjwa, na huko afya yake ikaharibika. Mwaka 1980 rafiki zake, Marsha Forest akiwa mbele, walikusanyika kumzunguka. Walijiita Kamati ya Yoshua, kwa kuwa walitaka kuta zianguke. Waliiendea serikali ya jimbo la Ontario mpaka Judith akapewa fedha za kuwaajiri wasaidizi aliowachagua mwenyewe, akaishi nyumbani kwake. Alifundisha, aliandika vitabu, alichora picha, mpaka alipofariki mwaka 2015. Ulemavu wake ulibaki kama ulivyokuwa. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

Sasa nifike penye kiini. Katika miaka ya 1980, huko Maryland, Marekani, Michael Smull na mwenzake Susan Burke Harrison walikuwa wakiwasaidia watu waliotoka katika majumba na shule za bweni kurudi makwao, hasa wale ambao kila mtu alisema hawawezekani. Katika kazi hiyo Smull alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Moja ni lile lililo la thamani kwa mtu mwenyewe. La pili ni lile linalohitajiwa ili awe na afya na usalama. Kwa Kiswahili chetu nitayaita limpendezalo na limfaalo.

Twaweza kudhani kwamba limfaalo ndilo kubwa, na limpendezalo ni anasa. Vituo vingi vimejengwa juu ya fikira hiyo: chakula kipo, dawa ipo, kitanda kipo, je, wataka nini tena? Lakini mtu akipewa limfaalo peke yake, anaishi kama mbuzi wa kufungwa kambani: amelishwa, amenyweshwa, wala hana lake. Wengine huogopa upande wa pili, wakisema kwamba mtu akipewa kila alipendalo ataharibika. Hofu hiyo ni ya haki. Mtu aliyepewa limpendezalo tu, na limfaalo likasahauliwa, ametupwa, hata kama ametupwa kwa maneno mazuri. Kazi ya mtunzaji ni kutafuta pale mambo mawili yanapoweza kukaa pamoja.

Natoa mfano wa nyumbani. Binti mmoja ana kifafa. Wazazi wamemkataza kwenda kuchota maji na kupika, na ni kweli, maji na moto ni hatari kwa mwenye kifafa. Basi binti ashinda ndani, analia, na dawa anaikataa. Mama akimwuliza polepole, ataona kwamba binti halilii maji. Anawalilia wenzake, maana habari zote za kijiji, mizaha yote na nyimbo zote ziko njia ya kisimani. Basi mpango wafanyika: aende pamoja nao, asiende peke yake kamwe, wenzake wafundishwe kumlaza ubavu akianguka, wasimtie kitu mdomoni, wachotaji wawe wengine, naye ashike kata na kubeba ndoo ndogo, na dawa ainywe kila siku kama daktari alivyoagiza. Limpendezalo limepatikana, na limfaalo halikuachwa. Tena mtu aliyesikilizwa katika moja huwa mwepesi wa kusikia katika jingine.

Mtaniuliza: kituo kilichozoea njia ya zamani chawezaje kugeuka? Nimezungumza na watumishi, nimesoma yaliyoandikwa na waliojaribu, na haya ndiyo ninayoyaona ya maana.

La kwanza, waanze na watu wachache, wawili au watatu, wala si kituo kizima kwa siku moja. Kwa kila mmoja waandike karatasi moja tu yenye mambo matatu: watu wampendao humsifu kwa nini, mambo gani ni ya thamani kwake, na yampasa mtu amsaidieje vizuri. Karatasi hiyo haiandikwi na mkubwa ofisini. Yaandikwa pamoja na mwenyewe, na jamaa zake, na yule anayemwogesha au kumpikia, maana mara nyingi mpishi ajua kuliko msimamizi.

La pili, asiyesema asihesabiwe kuwa hana la kusema. Kwa mtu wa namna hii watumishi hutumia orodha ya safu nne: ni wakati gani au jambo gani linatokea, yeye hufanya nini, sisi twadhani maana yake ni nini, na yatupasa kufanya nini. Fikirini kama orodha hiyo ingekuwako kwa kijana wetu. Saa kumi na moja, mbuzi wapita, atikisa lango, maana yake ataka kwenda kuwapokea, afunguliwe, aende na mtu. Mistari minne tu ingetosha, nasi tulijaza daftari la miezi tisa.

La tatu, daftari libadilike. Badala ya “amekula, amelala, mkorofi,” mtumishi aandike leo walifanya nini, nani alikuwapo, lipi lilikwenda vizuri liendelee, lipi halikwenda vizuri liachwe. Hapo mtumishi amekuwa mwanafunzi wa mtu anayemtunza.

La nne, mtumishi aelezwe mipaka yake. Yapo mambo ambayo hana budi kuyatenda bila kukosa, kama dawa na usalama. Yapo ambayo atumie busara yake, ajaribu, na akikosea asifokewe. Tena yapo yasiyomhusu: mtu apenda vazi gani, aketi karibu na nani, acheke na nani. Mahali ambapo kila kitu ni amri, mtumishi mwema huchoka na mtumishi mbaya hunenepa.

La tano, na hili ni gumu, mkubwa wa kituo aanze mwenyewe. Mkubwa asiyewasikiliza watumishi wake asitazamie kwamba watumishi watawasikiliza wengine. Ajiulize kila juma: ni sheria gani ya kituo chetu ambayo yatusaidia sisi tu? Chakula cha jioni saa kumi, je, ni kwa sababu watu wana njaa, au ni kwa sababu mpishi ataka kuwahi nyumbani? Kama sababu ni mpishi, na yawezekana ni sababu ya haki, basi isemwe wazi, itafutiwe dawa, isivikwe nguo ya utunzaji.

Watumishi wengine hujibu, “Sisi ni wachache na fedha hatuna.” Ni kweli. Kuajiri msaidizi wa pili kunataka fedha, na kujenga nyumba ndogo mahali pa bweni kunataka fedha nyingi. Lakini kumwuliza mtu apenda kuitwa jina gani hakutaki fedha. Kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwake hakutaki fedha, wala kumwacha achague kati ya shati mbili. Aanzaye na yasiyo na gharama atajua vema ni yapi ya kuombea fedha.

Tena tusidanganyane kwamba karatasi ni dawa ya yote. Huko Uingereza serikali ilitangaza mwaka 2001 kwamba watu wenye ulemavu wa akili wapangiwe mipango ya namna hii. Mwaka 2005 wataalamu walitoa matokeo baada ya kuwafuata watu 93. Waliopata mipango walionana zaidi na jamaa na rafiki, walitoka zaidi, na walipata kuchagua zaidi. Lakini kupata kazi ya mshahara, hakukuongezeka. Na wale wenye shida za tabia au maradhi ya akili ndio waliokosa mipango zaidi kuliko wengine. Yaani waliohitaji zaidi kusikilizwa waliwekwa mwisho wa mstari, kama kijana wetu. Na mipango mingine hubaki kabatini, mizuri, safi, haisomwi. Mpango uliofungiwa kabatini ni ndugu wa ile barua yangu ya kurasa mbili.

Wala hili si jambo la huruma tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, wasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki, sawa na wengine, ya kuchagua akae wapi na akae na nani. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Basi mzazi anayeuliza kituoni, “Mwanangu ameulizwa?” hasumbui watu. Anauliza lililo haki. Mkienda kumtembelea mtu wenu, msiulize tu kama anakula. Ulizeni nani rafiki yake, hutoka siku gani, na ni jambo gani limebadilika kwa sababu yeye alisema.

Sasa mwisho wa kisa. Nilirudi kituoni na barua mfukoni, nikamweleza msimamizi maneno ya bibi. Naye, kwa sifa yake, hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akaita watumishi. Walizungumza na jirani mwenye mbuzi, naye akakubali. Lakini kati ya kituo na zizi la jirani ipo barabara ya magari, na kijana haogopi magari. Hapo limfaalo lilisimama mbele yetu. Tukauliza nani atakayemvusha kila jioni. Aliyejitolea ni mlinzi yule yule aliyeangushwa. Alisema, “Mimi namjua nguvu zake.”

Tangu siku ile, saa kumi na nusu, wawili hao hushikana mikono, huvuka, husimama njiani. Kijana huwagusa mbuzi migongoni mmoja mmoja. Jirani asema kwamba tangu hapo hajapoteza mbuzi njiani, na sikukuu zilizopita alimpa kijana jogoo kuwa ujira wake. Makelele yamepungua, hayakwisha. Siku za mvua kubwa, mbuzi wasipotoka, kijana hutikisa lango kama zamani. Watumishi hutoka kusimama pamoja naye.

Bibi aliniomba nimwandikie barua ya kwake, akinena maneno yeye mwenyewe, nami nikiandika. Ilikuwa mistari mitatu. Alimwambia mjukuu wake kwamba mbuzi wa nyumbani wamezaa, na kwamba mmoja ni wake. Tulimsomea pale langoni. Alicheka, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Basi, ndugu zangu, jioni ya leo mtazameni yule aliye nyumbani kwenu ambaye kila mtu husema kwa niaba yake: mzee asiyeona, mtoto asiyesikia, shangazi ambaye akili yake si timamu. Mwulizeni jambo moja, dogo, mngoje jibu. Asipoweza kulisema, mtazameni atatazama wapi, na ni saa ngapi. Mkiona jambo, mniletee ofisini Jumapili baada ya Misa. Fomu ya kituo tumeiongeza nafasi ya kuliandika.

Karani wa Parokia